Je, Wajua Kwa Nini Skrini ya Gari la Umeme Huzima na Gari Likaendelea Kutembea?

Tuseme umetoka Moshi asubuhi na gari la umeme, umeshapita Boma Ng'ombe, na mara skrini kubwa ya katikati ya dashibodi inakuwa nyeusi tii. Ramani imepotea, muziki umekata, kiyoyozi hakiitikii. Lakini magurudumu yanazunguka, usukani unatii na breki inashika. Ukifika Arusha, mtu wa kwanza utakayemsimulia atakuambia, "Kaka, hicho kioo kimekufa, agiza kingine." Ushauri huo ndio ninaotaka kuupinga hapa. Mara nyingi kioo hakina kosa lolote, na kioo kipya cha gari la umeme huagizwa kutoka nje, kwa pesa inayouma na kwa kusubiri.

Kwanza, kwa nini gari halikusimama? Gari la kisasa halina kompyuta moja, lina nyingi. Mota ina yake, breki ina yake, usukani una yake, betri kubwa nayo ina yake inayoilinda. Zote huzungumza kwa waya, kwa kawaida kupitia mtandao wa CAN ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutambulisha mwaka 1986. Kompyuta ya skrini ni mshiriki mmoja tu katika mazungumzo hayo. Hutoa taarifa na kupokea maombi yako, ila si yenyewe inayozungusha mota. Ikinyamaza, wengine wanaendelea na kazi. Hiyo haimaanishi uendelee na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye Tesla Model 3, gari la umeme la kampuni ya Marekani, kwa mfano, hakuna saa nyingine ya mwendo mbele ya dereva, kasi husomwa kwenye skrini hiyohiyo. Kamera ya rivasi hupotea, na kufuta ukungu kwenye kioo cha mbele huweza kushindikana. Tafuta mahali salama, usimame.

Sasa tuifungue skrini yenyewe. Tunaiita kioo, lakini kioo ni tabaka la juu tu. Chini yake kuna tabaka la kuhisi mguso, lile ambalo mafundi simu huliita tachi: gridi ya nyuzi nyembamba zisizoonekana, mara nyingi za oksidi ya indiamu na bati, zinazobeba chaji ndogo ya umeme. Kidole chako kikikaribia, chaji hubadilika kidogo mahali hapo, na chipu maalumu hupiga hesabu kujua umegusa wapi. Chini ya tachi kuna gundi angavu, kisha paneli ya picha, na nyuma kabisa taa za LED zinazoimulika. Halafu kuna utepe mwembamba wa nyaya unaoenda kwenye kompyuta. Kila tabaka lina ugonjwa wake, na dalili hazifanani.

Picha ikiwa safi lakini sehemu fulani haisikii kidole, itazame tachi. Skrini ikijibonyeza yenyewe, ikabadilisha redio na kupandisha sauti bila kuguswa, ni tachi pia, au unyevu ulioingia, au utepe uliolegea. Ukimulika tochi kwenye skrini nyeusi ukaona picha hafifu kwa ndani, paneli ni nzima, taa za nyuma ndizo zilizokufa. Na kama kila kitu kinaganda, kinajizima na kujiwasha, au kinachukua dakika nzima kufungua ramani, basi muda wote unaotumia kukitazama kioo ni wa bure. Ugonjwa uko kwenye kompyuta.

Gundi inastahili maelezo zaidi, hasa kwa watu wa Moshi. Mwaka 2018 watafiti walipima magari yaliyoegeshwa juani wakati wa kiangazi huko Tempe, Arizona. Ndani ya saa moja dashibodi zilifikia wastani wa nyuzi joto 69 za Selsiasi. Moshi si jangwa la Arizona, lakini gari lililofungwa vioo juani mchana wa Februari huchemka vilevile, na skrini imekaa juu ya dashibodi, mahali pa moto kuliko pote. Skrini iliyotengenezwa kwa ajili ya magari hutakiwa kuvumilia hadi karibu nyuzi 85. Skrini ya matumizi ya kawaida haifiki huko. Tesla Model S iliyotoka mwaka 2012 ilikuja na skrini ya inchi 17, kubwa kuliko ilivyozoeleka kwenye magari wakati ule, na baadhi ya skrini zake za mwanzo zilitoa mapovu na kuvuja gundi pembeni. Zilizofuata zikapata tatizo jingine: mstari wa manjano kuzunguka kingo. Dawa iliyopatikana haikuhitaji kubadilisha skrini hata kidogo. Mafundi wa kampuni walizimulika kingo hizo kwa taa ya urujuanimno (UV), gundi ikakomaa, umanjano ukafifia. Mtu aliyekuwa ameshanunua skrini nzima kwa sababu ya ukingo wa manjano alikuwa ametupa pesa.

Kwa Arusha, adui mkubwa zaidi huenda ni mtikisiko. Magari ya safari yaliyobadilishwa kutoka dizeli kwenda umeme yapo mjini humo kwa miaka kadhaa sasa, na njia zake ni zile za vumbi na mawimbimawimbi kuelekea Ngorongoro na Serengeti. Mtikisiko mdogo unaorudiwa siku nzima hulegeza soketi za utepe wa skrini polepole, na vumbi laini likaingia kwenye nafasi iliyopatikana. Skrini inayozima kwenye vumbi na kurudi kwenye lami karibu inakuambia kwa mdomo wake kwamba ni soketi. Kuisafisha na kuibana upya ni kazi ya fundi umeme makini, si ya kuagiza kontena.

Lakini kisa kinachofundisha kuliko vyote ni cha chipu moja ndogo. Tesla Model S za 2012 hadi 2018 na Model X za 2016 hadi 2018 zilikuwa na kompyuta ya skrini yenye chipu ya kumbukumbu ya gigabaiti 8. Kompyuta hiyo ilikuwa ikiandika kumbukumbu za kila kinachotokea, mchana na usiku. Chipu za aina hiyo huchakaa kwa kuandikwa. Ni kama daftari la penseli: unaandika, unafuta, unaandika tena, mpaka siku moja karatasi inatoboka. Kila sehemu ya chipu ile ilikuwa na uwezo wa kufutwa na kuandikwa takriban mara 3,000, na kwa matumizi ya kila siku hesabu ilionyesha ingemaliza uhai wake katika miaka 5 au 6. Gari linaweza kuishi zaidi ya mara mbili ya hapo. Ilipokwisha, skrini iliganda, kisha ikawa nyeusi, na pamoja nayo ikaondoka kamera ya rivasi, uwezo wa kufuta ukungu, hata mlio wa indiketa.

Januari 2021 mamlaka ya usalama wa barabarani ya Marekani, NHTSA, iliiandikia Tesla ikitaka magari kama 158,000 yarudishwe kurekebishwa. Mwezi uliofuata kampuni ilikubali kwa magari karibu 135,000, na chipu ikabadilishwa kuwa ya gigabaiti 64. Zingatia kilichobadilishwa. Skrini zile zilikuwa nzima, tachi nzima, paneli nzima. Kilichokufa ni kitu kidogo kuliko ukucha. Fundi simu mzuri wa mjini Arusha, yule anayejua kuchomoa chipu ya simu kwa hewa ya moto na kuichomelea nyingine, tayari ana nusu ya ujuzi unaohitajika. Nusu iliyobaki ni kunakili data za gari kabla chipu haijafa kabisa, kwa sababu ndani yake kuna funguo za utambulisho wa gari hilo na si lingine. Chuo cha Ufundi Arusha na vyuo vya ufundi stadi vya VETA vingefanya jambo kubwa kuwakutanisha mafundi wa aina mbili, wa simu na wa magari, darasa moja. Natamani sana jambo hilo lifanyike mapema, kabla magari haya hayajawa mengi.

Mara nyingine hata chipu haina kosa. Mwaka 2022 Tesla ilirudisha magari takriban 130,000 Marekani kwa sababu kompyuta ya skrini ilipata joto kali wakati wa kuchaji kwa kasi, ikafanya kazi polepole au kujizima na kujiwasha. Tiba ilikuwa programu mpya iliyotumwa kwa intaneti. Ndiyo maana gari la umeme lililokaa miezi bila mtandao, kama mengi yanavyokaa huku kwetu, ni vizuri liunganishwe na intaneti ya simu kabla ya kumwita fundi yeyote.

Ufanye nini basi kabla ya kufungua pochi? Simamisha gari, uwashe upya kompyuta ya skrini. Kwenye Tesla nyingi unabonyeza na kushikilia vile viroli viwili vya usukani, yaani vigurudumu vidogo vya kuzungusha kwa kidole gumba, mpaka skrini izime na nembo irudi. Magari mengine yana utaratibu wao, usome kwenye kitabu cha gari. Kisha pima betri ndogo. Watu wengi hawajui kwamba gari la umeme, pamoja na betri yake kubwa, bado lina betri ndogo, kwa magari mengi ya volti 12, inayolisha taa, redio na skrini. Ikichoka, skrini huanza vituko vya kila namna, na bei ya betri hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na ya skrini. Baada ya hapo ndipo ufikirie fyuzi, soketi na utepe.

Ikithibitika kwamba skrini yenyewe imekufa, uliza maswali mawili kabla ya kulipia ya mtumba. La kwanza: je, skrini na kompyuta ni kitu kimoja au viwili? Kwenye Model S za zamani vimefungwa pamoja. Kwenye Model 3 skrini iko peke yake na kompyuta iko ndani ya dashibodi, hivyo kuibadilisha ni rahisi zaidi. La pili: je, kifaa kitalikubali gari lako? Kompyuta iliyotoka kwenye gari lililopata ajali inabeba utambulisho wa gari lile, na bila kupangwa upya kwa namba ya chesisi yako inaweza kukataa kazi. Linganisha namba ya spea herufi kwa herufi. Na fundi akianza kazi, achomoe kwanza betri ndogo na asubiri, maana dashibodini kuna ea begi, mfuko wa hewa unaofumuka kwa nguvu wakati wa ajali. Nyaya nene za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa, haziguswi, na kazi ya skrini haizihitaji.

Kuna na wale walionunua gari la umeme la Nissan Leaf lililotumika Japani. Skrini ni nzima kabisa, ila inaandika Kijapani, na redio haishiki stesheni nyingi za hapa kwa sababu masafa ya FM ya Japani yanaanzia chini kuliko yetu. Wengi hukimbilia kufunga redio ya Android. Si vibaya, lakini hakikisha kwanza kwamba hupotezi kamera ya rivasi na mipangilio ya muda wa kuchaji inayokaa kwenye skrini ya asili.

Kwa maoni yangu watengenezaji walikosea kuhamishia karibu kila kitufe kwenye kioo. Mwaka 2022 jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, liliwapa madereva kazi nne ndogo za kufanya wakiwa kwenye kilomita 110 kwa saa. Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe vya kawaida, ilichukua sekunde 10. MG Marvel R, gari la umeme lenye skrini, ilichukua karibu sekunde 45. Kuanzia 2026 shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, Euro NCAP, linataka indiketa, hazadi, honi, waipa na kitufe cha kuita msaada wa dharura viwe na swichi halisi ndipo gari lipate alama zote. Kwa hiyo ukienda kukagua gari la umeme la mtumba, zima skrini kwa makusudi, kisha jaribu hivyo vitu kimoja kimoja. Vile vitakavyokataa kufanya kazi, viandike kwenye karatasi kabla hamjaanza kuzungumza bei.