Kontua si uso wa ardhi

Katika vikao vya usanifu wa barabara husikika mara kwa mara agizo la namna hii: "Uso wa ardhi hauko sahihi vya kutosha, weka kontua za kila sentimita 25." Anayeagiza huwa na nia njema, anayeagizwa hubofya mara mbili tatu, mistari hiyo ya mwinuko husongamana kwenye skrini, na kazi huendelea kwa imani kwamba sasa usanifu una msingi imara zaidi. Kilichoongezeka ni idadi ya mistari tu.

Katika programu za usanifu wa barabara kama Civil 3D, uso wa ardhi ni wavu wa pembetatu zinazounganisha pointi zilizopimwa, na mwinuko wa mahali popote ndani ya pembetatu hukokotolewa kutokana na miinuko ya pembe zake tatu. Kontua ni mstari wa mwinuko mmoja unaochorwa juu ya wavu huo. Programu inaweza kuuonyesha uso uleule kwa kontua, kwa rangi au kwa mishale ya mteremko. Ukibadilisha mtindo wa maonyesho, pembetatu hubaki zilezile.

Mpangilio huo ulikuwapo kabla ya kompyuta. Mwaka 1774 mwanaastronomia Nevil Maskelyne alisimamia vipimo vya mlima Schiehallion huko Scotland, na mwanahisabati Charles Hutton, aliyepewa kazi ya hesabu, akajikuta na lundo la pointi za mwinuko zilizotapakaa kwenye ramani. Aliunganisha kwa mistari pointi zenye mwinuko sawa, na umbo la mlima likaanza kuonekana. Pointi ndizo zilizotangulia, na mistari ilitokana nazo.

Kanuni ya kuchagua pembetatu ilielezwa na mwanahisabati Boris Delaunay mwaka 1934: duara linalopita kwenye pembe tatu za pembetatu yoyote lisiwe na pointi nyingine ndani yake. Kanuni hii huepuka pembetatu nyembamba ndefu, jambo ambalo ni jema kwa sehemu kubwa ya ardhi, lakini huleta matatizo kwenye mitaro. Tuchukue mtaro wa kandokando ya barabara wenye upana wa mita 1.8 juu, mita 0.6 chini, na kina cha mita 0.6. Mpimaji amepima kingo zake kila baada ya mita 5, lakini sakafu yake kila baada ya mita 20. Kwa kuwa ukingo wa pili uko karibu kuliko pointi inayofuata ya sakafu, programu huunganisha ukingo na ukingo, na mtaro hufukiwa kwa udongo usiokuwapo. Eneo la mkato wake ni mita za mraba 0.72, kwa urefu wa mita 500, mtaro mzima una mita za ujazo 360, na sehemu kubwa ya ujazo huo hupotea kwenye makadirio ya kujaza iwapo barabara inapanuliwa. Dalili yake huonekana wazi kwa anayeitafuta: badala ya kontua zinazoambatana na mtaro, kuna mlolongo wa viduara vidogo, kana kwamba palichimbwa mashimo kila baada ya mita 20. Ukipunguza nafasi kati ya kontua, viduara vitaongezeka na vitapendeza zaidi, lakini mtaro hautarudi. Utarudi pale sakafu na kingo zitakapounganishwa kwa mistari ya mvunjiko, yaani mistari ambayo pembetatu haziruhusiwi kuikatiza.

Kosa hilohilo huwa kubwa zaidi kwa data zinazopimwa kutoka angani. Vipimo vya rada vya SRTM, mradi wa kupima mwinuko wa uso wa dunia, vilivyokusanywa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, vina pointi moja kwa takriban kila mita 30, na lengo la usahihi wake wa mwinuko lilikuwa mita 16. Penye msitu mnene, rada hiyo haikufika vizuri ardhini kupitia majani. Data hizo zinafaa sana kwa kuchunguza mabonde ya mito na kulinganisha njia za awali. Lakini mtu akizitolea kontua za nusu mita, programu haitamkatalia, na mchoro utakaotoka utafanana kabisa na wa mpimaji aliyeshinda juani na totali stesheni, kifaa cha kupimia pembe na umbali. Ramani haibebi alama yoyote ya kumwonya mkandarasi.

Wapo pia wanaopokea kontua pekee na kujenga uso kutokana nazo. Inawezekana, na wakati mwingine hakuna njia nyingine, ila pointi hujaa juu ya mstari na kukosekana katikati ya mistari. Pembetatu ambayo pembe zake zote tatu zimeangukia kontua moja huwa haina mteremko hata kidogo, hivyo vilele vya vilima hukatwa na mabonde hupata sakafu bapa. Civil 3D ina chaguo la kupunguza maeneo bapa wakati wa kuingiza kontua. Litumike, huku ikikumbukwa kwamba linakisia umbo, halipimi.

Kwa hiyo uso wa ardhi unapotiliwa shaka, la kuomba ni pointi zaidi mahali mteremko unapobadilika, pamoja na mistari ya mvunjiko. Na mpimaji anapoulizwa alete nini, ajibiwe kwamba alete uso wenyewe katika faili la LandXML, umbizo linaloweza kubeba wavu wa pembetatu, pamoja na pointi zake. Kontua tutazichora ofisini, kwa nafasi yoyote itakayotakiwa.