Akiugua akili, bado ni yuleyule

Kuna ujumbe hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: mtu akishaugua akili "si yeye tena", asiozwe wala asipewe kazi. Si kweli. Baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, huja kwa vipindi na kupoa; skizofrenia nayo, ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti peke yake, kwa wengi hupungua wakitumia dawa. Mtu hurudi dukani kwake na daftari lake la madeni, na hamsahau mdaiwa hata mmoja.

Kinachotuchanganya ni kwamba tunamwona anayezurura stendi bila matibabu. Aliyepata nafuu yuko kazini, kimya, nani ajitangaze? Muulize muuguzi wa kliniki ya afya ya akili, atakueleza. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze: huenda mgonjwa mwenyewe yumo humo grupuni.