Je, Wajua Linux Hujuaje Kwamba Programu Fulani Haihitajiki Tena?

Mtumiaji wa Ubuntu au Debian, ambayo ni matoleo ya Linux, anayefungua terminali (dirisha la kuandikia amri) na kuondoa programu moja aliyoichoka, tuseme Kdenlive ya kuhariri video, mara nyingi hushangazwa na ujumbe unaofuata. Mfumo humwonyesha orodha ndefu ya vifurushi vingine (kifurushi ni programu, au sehemu yake, iliyofungwa tayari kusakinishwa), vingi vikiwa na majina yanayoanza kwa herufi lib ambayo hajawahi kuyasikia, na kumwarifu kwamba vilisakinishwa vyenyewe na sasa havihitajiki tena. Kisha humshauri aandike sudo apt autoremove ili kuvifuta; apt ndicho chombo cha kusakinisha na kuondoa vifurushi. Hapo mtu ana haki ya kuuliza: kompyuta isiyojua kama mwenyewe anahariri video za harusi au anaandika tasnifu imepata wapi ujasiri wa kumwambia asichokihitaji?

Ukweli ni kwamba haijui. Neno "havihitajiki" katika ujumbe ule halina uhusiano wowote na mahitaji ya mtu, bali ni matokeo ya hesabu inayofanywa juu ya kumbukumbu za aina mbili: kifurushi kipi kinategemea kipi, na kifurushi kipi kiliombwa kwa jina na binadamu. Anayeielewa hesabu hiyo anaweza kutabiri karibu kila jambo ambalo amri za kuondoa programu zitafanya, pamoja na yale yanayowatia watu hofu.

Kumbukumbu ya kwanza imo katika faili liitwalo /var/lib/dpkg/status, ambalo hutunzwa na dpkg, chombo cha chini ambacho apt hukitumia kuweka na kuondoa vifurushi, kilichoanza kuundwa mwaka 1994, mwaka mmoja tu baada ya Ian Murdock kuanzisha mradi wa Debian. Kila kifurushi kilichosakinishwa kina aya yake humo, na ndani ya aya hiyo kuna mstari wa Depends unaotaja vifurushi ambavyo bila hivyo programu haiwezi kufanya kazi, mstari wa Recommends unaotaja vile ambavyo kwa kawaida huenda pamoja nayo, na pengine mstari wa Suggests unaotaja vya ziada. Kumbukumbu ya pili imo katika /var/lib/apt/extended_states. Faili hili ni fupi na halina mbwembwe: jina la kifurushi, aina ya kichakato, kisha mstari Auto-Installed: 1, maana yake ni kwamba kifurushi hiki hakuna aliyekiomba, bali kililetwa na kingine.

Kwa hiyo mtu anapoandika sudo apt install kdenlive, kifurushi cha kdenlive hakipewi alama hiyo, kwa kuwa ndicho kilichotajwa. Vinavyokifuata nyuma, yaani injini ya MLT ambayo ndiyo inayofanya kazi halisi ya kuunganisha vipande vya video, maktaba (msimbo unaotumiwa kwa pamoja na programu nyingi) za Qt na za KDE zinazochora madirisha yake, na vingine vingi, vyote huandikwa kwamba vimekuja kwa ajili ya mwenzao. Kdenlive ikiondolewa, apt huanza na vifurushi vyote vilivyoombwa na binadamu, hufuata minyororo ya utegemezi inayotoka kwenye kila kimoja, na kifurushi chochote chenye alama ya kuletwa ambacho hakikufikiwa na mnyororo hata mmoja huhesabiwa kuwa yatima. Orodha inayoonekana kwenye skrini ni ya mayatima hao. Ikumbukwe kwamba kwa kawaida apt hukifikiria kifurushi kuwa bado kina mwenyewe hata kama kimetajwa tu kwenye Recommends au Suggests ya kingine, kwa hiyo hesabu yake ni ya uangalifu, na mara nyingi huacha zaidi ya inavyolazimu.

Utaratibu huu haukuwapo tangu mwanzo. APT ilipotoka pamoja na Debian 2.1 mwaka 1999, sifa yake kubwa ilikuwa kuleta vitegemezi yenyewe bila kumsumbua mtu, lakini haikukumbuka ilileta nini kwa sababu gani, na maktaba zilizokwisha kazi zikawa zinarundikana. Chombo kingine, aptitude, ndicho kilichotangulia kuweka alama hizo, na baadaye apt-get, amri ya awali ya APT, nayo ikaipata kazi hiyo.

Udhaifu wa hesabu unajitokeza pale ambapo matumizi ya mtu hayakuandikwa popote. Kdenlive huja na ffmpeg, chombo cha terminali cha kugeuza sauti na video kutoka umbo moja kwenda jingine. Mtu anaweza kukizoea na kukitumia kila siku kupunguza ukubwa wa video kabla ya kuzituma kwa WhatsApp, bila kukumbuka kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kukisakinisha. Siku atakapoondoa Kdenlive, na ikiwa hakuna kifurushi kingine kinachoitaja ffmpeg, autoremove itaichukua, kwa maana kutumia programu mara elfu hakubadilishi herufi hata moja katika extended_states. Dawa yake ni amri moja, sudo apt-mark manual ffmpeg, ambayo huifuta alama ile na kukihesabu kifurushi kuwa kimeombwa. Anayetaka kujua hali yake kwa ujumla aandike apt-mark showmanual apewe orodha ya vyote vinavyohesabiwa kuwa vya kuombwa. Na anayetaka kujua kifurushi fulani kipo kwa sababu gani, aptitude why ikifuatiwa na jina lake itamwonyesha mnyororo wenyewe.

Hadi hapa tumeangalia utegemezi kwa upande wa chini, yaani kinachobaki baada ya mwenye nacho kuondoka. Hatari kubwa iko upande wa juu. Kifurushi kikiondolewa, kila kinachokitegemea kupitia mstari wa Depends lazima kiondoke pia, na vinavyotegemea hivyo navyo viondoke, kwa kuwa mfumo hauruhusu kubaki kwa programu ambayo mguu wake umekatwa. Mfano unaojirudia mno miongoni mwa wanafunzi wa programu ni ule wa Python. Mwanafunzi anataka toleo jipya, anadhani kwamba ni busara kuondoa la zamani kwanza, basi anaandika sudo apt remove python3. Asichokijua ni kwamba katika Ubuntu sehemu kubwa ya mitambo ya mfumo imeandikwa kwa lugha hiyohiyo: kidhibiti cha masasisho, chombo cha kupanga hazina za programu, kitafutaji cha madereva ya vifaa, masasisho ya usalama yanayojiendesha yenyewe. Vyote hivyo husimama juu ya python3, na kifurushi cha ubuntu-desktop huondoka navyo. Python ya mfumo haikuwekwa kwa ajili ya mwanafunzi hata kidogo, na toleo jipya linaweza kuwekwa kando yake bila kuigusa.

Mwaka 2021 jambo la namna hii lilionekana na watu wengi sana, pale Linus Sebastian, mtangazaji wa YouTube wa Kanada anayeelezea kompyuta, alipojaribu kusakinisha Steam, programu ya kununulia na kuchezea michezo, kwenye Pop!_OS, toleo la Linux lililojengwa juu ya Ubuntu. Wakati huo kulikuwa na kasoro ya utegemezi katika hazina, na apt ikaona kwamba njia pekee ya kuiweka Steam ni kuondoa mazingira yote ya eneokazi. Ilimwonya kwamba anakaribia kufanya jambo la hatari, ikamtaka aandike sentensi nzima yenye maana ya "Ndiyo, fanya nisemavyo!" kama kweli amekusudia. Akaiandika, na eneokazi likatoweka. Wapo waliomcheka kwa kutosoma. Kwa maoni yangu, lawama iliangukia mahali pasipostahili, kwa sababu mtu aliyeomba kuongezewa mchezo hana sababu ya kutarajia kwamba jibu litakuwa kubomolewa nyumba. Waendelezaji wa APT waliliona hilo pia, wakabadilisha chombo chao kisiondoe tena vifurushi vya lazima kama njia ya kumaliza mgongano wa aina hiyo.

Si kila onyo la kuondoka kwa ubuntu-desktop ni msiba, hata hivyo. Kifurushi hicho chenyewe hakina programu ndani yake. Ni orodha tu, iliyovikwa umbo la kifurushi, ya vitu vinavyounda eneokazi kamili. Ukiondoa kimojawapo cha vile kinavyovitegemea kwa lazima, orodha inavunjika na kuondolewa, ilhali madirisha, menyu na mafaili yako yanabaki kama yalivyokuwa. Madhara huja baadaye, wakati wa kuhamia toleo jipya la Ubuntu, ambapo sehemu mpya zilizoongezwa kwenye orodha huenda zisikufikie kwa sababu huna tena orodha ya kuzileta. Kinachotakiwa kuangaliwa basi ni majina mengine yanayofuatana nalo: likiwa peke yake hakuna neno, lakini likiandamana na gdm3 (skrini ya kuingilia) au gnome-shell (eneokazi lenyewe) ni wakati wa kubonyeza n.

Namna ya kuangalia bila kugusa kitu ipo, nayo ni apt -s remove ikifuatiwa na jina la kifurushi. Amri hii huigiza tu, wala haihitaji nywila. Kila mstari unaoanza na Remv ni kifurushi ambacho kingeondoka, na mstari unaoanza na Inst ni ambacho kingeingizwa.

Kuna pia tofauti kati ya remove na purge ambayo watu huipa uzito kuliko inavyostahili. Remove huondoa programu na kuacha mafaili yake ya mipangilio yaliyo chini ya /etc, ili ikirudi siku nyingine ikute mambo kama yalivyoachwa. Purge huondoa na hayo. Masalia hayo huonekana kwa herufi rc mwanzoni mwa mstari katika dpkg -l, na kwa kawaida ni kilobaiti chache tu. Yale yanayokula nafasi kwelikweli, kama vile akiba ya muda na miradi iliyohifadhiwa ndani ya saraka ya nyumbani ya mtumiaji, hayaguswi na remove wala purge, kwa kuwa dpkg haikuyaweka yeyote kati ya hayo na hivyo haiyatambui.

Nafasi kubwa iliyofichika mara nyingi iko kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa vya kompyuta. Programu nyingine zikisasishwa, toleo jipya hukalia nafasi ya lile la zamani kwa jina lilelile, lakini kila kerneli mpya ya Ubuntu huja kama kifurushi chenye jina lake, kwa mfano linux-image-6.8.0-31-generic, na hukaa kando ya iliyotangulia. Imefanywa hivyo makusudi, ili kerneli mpya ikigoma na kadi ya Wi-Fi au skrini ya kompyuta yako uweze kuwasha kwa ile ya jana. Gharama yake ni kwamba sehemu ya diski iitwayo /boot, ambayo kwenye kompyuta zilizosimbwa diski nzima hutengwa na inaweza kuwa na megabaiti mia kadhaa tu, hujaa, na ikijaa masasisho hukwama katikati. Hapa autoremove ndiyo ya kutegemewa, kwa kuwa imewekewa kanuni ya kutoigusa kerneli inayotumika wakati huo wala iliyo mpya kabisa. Kufuta kwa mkono mafaili yaliyomo /boot ni kosa, kwani faili litaondoka na kifurushi kitabaki kimeandikwa kwamba kipo.

Je, kompyuta itakuwa na kasi zaidi baada ya usafi wote huu? Kwa sehemu kubwa, hapana. Programu isiyofunguliwa haitumii kichakato wala kumbukumbu ya RAM; imelala tu kwenye diski. Wanaodai kwamba Linux yao imekuwa nyepesi baada ya kuondoa michezo mitatu na kikokotoo wanajifariji. Faida halisi ziko mbili. Moja ni bando: kila kifurushi kilichosakinishwa husasishwa, na kwa msomaji wa Mwanza au Mombasa anayetumia intaneti ya simu, LibreOffice asiyoifungua inaweza kumlia mamia ya megabaiti kila inapotoka mpya. Ya pili ni usalama, hasa kwa huduma zinazowaka zenyewe. Septemba 2024 mtafiti Simone Margaritelli alitangaza kasoro zilizohusu cups-browsed, huduma inayotafuta printa mtandaoni, ambayo ilikuwa ikisikiliza kwenye mlango namba 631 wa UDP na kupokea taarifa kutoka kwa yeyote. Mshambuliaji angeweza kusajili printa ya uongo, na amri aliyoificha ingetekelezwa pale mtumiaji anapoituma kazi ya kuchapisha huko. Kwa mtu asiye na printa, kifurushi kama hicho ni mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mgeni asiyekuja.

Na kama tayari umeondoa kupita kiasi, ushahidi umebaki katika /var/log/apt/history.log. Kila tukio lina tarehe, amri iliyoandikwa, na mstari wa Remove wenye majina yote yaliyoondoka pamoja na matoleo yake. Eneokazi likiwa limetoweka, Ctrl+Alt+F3 hukupeleka kwenye terminali tupu ambako unaweza kuingia kwa jina na nywila yako, ukalisoma faili hilo na kuandika sudo apt install ubuntu-desktop. Ugumu hutokea ikiwa network-manager ilikuwemo kwenye orodha, kwa sababu Wi-Fi nayo imekwenda; hapo washa kompyuta kwa flashi ya Ubuntu, uunganishe intaneti kutoka humo, uingie kwenye mfumo ulioharibika kwa chroot (amri inayokuwezesha kufanya kazi ndani ya mfumo mwingine ulio kwenye diski), kisha uvirudishe vifurushi kutoka huko.