Kikundi cha klogi cha Appalachia: ni nini, na kilianzaje

Klogi ni ngoma ya miguu ya watu wa milima ya Appalachia, kusini-mashariki mwa Marekani: North Carolina, Tennessee, Virginia, West Virginia, Kentucky na kaskazini mwa Georgia. Mchezaji anapiga mdundo kwa viatu vyake juu ya sakafu ya mbao, huku fidla na banjo zikienda mbio. Kikundi cha klogi, basi, ni majirani waliokusanyika kuicheza ngoma hiyo kwa pamoja, mara nyingi wawili wawili, mwanamume na mwanamke, kwa mpangilio unaotangazwa na mtu mmoja anayeitwa mwitaji. Wapo mafundi seremala, walimu, wanafunzi na wastaafu. Wengi hawalipwi.

Isichanganywe na ngoma ya viatu vya mbao ya Lancashire huko Uingereza. Ya Appalachia huchezwa kwa viatu vya ngozi, na leo vingi vimefungwa vyuma chini, kwenye ncha na kwenye kisigino. Vyuma vinavyopendwa zaidi ni vya vipande viwili, kimoja kimekazwa na kingine kimeachwa kilegee kidogo, hivyo kila unyayo ukigusa sakafu vinagongana na kulia kama njuga.

Hatua ya msingi inaonekana rahisi mpaka uijaribu. Ncha ya mguu wa kushoto inafagia sakafu kwenda mbele na kurudi upesi, sauti mbili fupi zilizoshikana; kisha mguu huohuo unatua na kubeba uzito. Mguu wa kulia unagusa kwa nyuma, wa kushoto unakanyaga tena, halafu zamu inahamia upande wa pili. Kisigino ndicho kinachoangukia pigo zito la muziki. Magoti yanalegea, kiwiliwili kinabaki wima, mikono inaning'inia bila kazi maalumu. Mzee mwenye ujuzi hauinui mguu hata nusu shubiri, lakini sakafu yote inaunguruma.

Jambo la kuelewa, ambalo maelezo mengi hulipita haraka, ni kwamba zamani hapakuwa na kikundi. Palikuwa na vitu viwili mbalimbali. Kwanza, mchezaji wa peke yake: mtu anayecheza barazani au jikoni, wakati nduguye anapiga fidla, kila mmoja na miguu yake, asiyefanana na mwenzake. Pili, ngoma ya duara kubwa: jozi za wanaume na wanawake wakizunguka, wakipita chini ya mikono iliyoinuliwa, wakibadilishana wenza. Katika duara watu walitembea tu kwa wepesi. Kugonga sakafu hakukuwa sharti. Kikundi cha klogi kilizaliwa pale vitu hivyo viwili vilipowekwa pamoja, yaani miguu ya mpweke ikaingia ndani ya duara la majirani. Na hilo ni jambo la karne ya 20, si la kale kama wengi wanavyodhani.

Kuhusu asili ya miguu yenyewe, husemwa kwa kawaida kwamba ililetwa na walowezi wa karne ya 18 kutoka Uingereza, Skotilandi na Ulster, yaani kaskazini mwa Ireland. Ni kweli, lakini ni sehemu tu ya kweli. Banjo, chombo ambacho bila hicho ngoma hii haisikiki kama ilivyo, ina mizizi yake Afrika Magharibi. Ilifika Marekani pamoja na watu waliouzwa utumwani. Wapiga fidla wengi katika karamu za Kusini enzi za utumwa walikuwa Waafrika, na mchezo wa peke yake uliokuwa maarufu mno miongoni mwa weusi, bakdansi, umeacha alama isiyofutika: mwili unaojishusha kidogo kuelekea ardhini, mapigo yanayopishana, na uhuru wa kubuni hapohapo. Hata kazi ya mwitaji, ambayo watu huiona kuwa ya kizungu kabisa, mtafiti na mchezaji Phil Jamison ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 2015 kwamba ilianza kwa wanamuziki weusi, waliokuwa wakitangaza miondoko huku wakipiga. Sioni jinsi mtu anavyoweza kueleza maana ya klogi akaliacha hilo pembeni. Mpiga gitaa John Dee Holeman wa North Carolina, aliyetunukiwa heshima ya taifa ya sanaa za jadi mwaka 1988, alikuwa pia mcheza bakdansi. Kwake muziki na miguu vilikuwa kitu kimoja.

Sasa turudi kwenye kikundi. Mwaka 1928, mjini Asheville, North Carolina, mwanasheria na mwanamuziki Bascom Lamar Lunsford aliandaa mashindano ya muziki na ngoma za milimani. Tamasha hilo lipo mpaka leo, na kwa desturi huanza jua linapokaribia kuzama, bila kuhangaikia saa. Lunsford alialika timu za ngoma ya duara kutoka mabonde mbalimbali zishindane jukwaani. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Ukicheza nyumbani huchezei mtu. Ukicheza jukwaani kuna watazamaji na waamuzi. Wachezaji waligundua kwamba wakigonga miguu ndani ya duara, umati unapagawa. Katika miaka ya 1930 timu zilizokuwa zikitembea zikawa zinagonga.

Timu iliyosikika kuliko zote ilikuwa ya Soco Gap, kutoka Maggie Valley, ikiongozwa na Sam Queen. Tarehe 8 Juni 1939 ilipelekwa Ikulu ya Washington kucheza mbele ya Rais Franklin Roosevelt na wageni wake, Mfalme George wa Sita wa Uingereza na malkia wake. Jioni hiyohiyo aliimba Marian Anderson, mwimbaji mweusi mashuhuri wa Marekani. Watu waliozoea sakafu za mabanda na majumba ya shule wakagonga visigino kwenye ukumbi wa rais.

Jozi nane ndizo zilizozoeleka katika timu hizo za duara. Mojawapo ya miondoko yao huitwa ndege tunduni: mchezaji mmoja anaingia katikati, wenzake wanashikana mikono na kumzungukia, naye kule ndani anaonyesha miguu yake. Kisha mwitaji anapaza sauti, ndege atoke, kunguru aingie, na mwingine anachukua nafasi. Mwondoko huo unaeleza kikundi cha klogi kuliko ufafanuzi wowote ninaoweza kuandika: duara ni la wote, lakini kwa sekunde chache ni lako.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 James Kesterson wa Hendersonville na timu yake ya Blue Ridge Mountain Dancers waliieneza njia nyingine: wachezaji wote wapige hatua ileile kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo klogi ya sare. Inapendeza jukwaani, inafundishika darasani, na imeenea mno. Hasara yake ni kwamba miguu ya mzee wa bondeni, isiyofanana na ya mtu mwingine, haina pa kukaa.

Ndiyo maana kisa cha Green Grass Cloggers kinafaa kuelezwa. Mwaka 1971, huko Greenville, mashariki mwa North Carolina, mbali kabisa na milima, vijana wa Chuo Kikuu cha East Carolina wakiongozwa na Dudley Culp na Toni Jordan waliunda timu yao baada ya kuvutiwa na ngoma walizoziona kwenye mikusanyiko ya wapiga fidla. Walikuwa vijana wa zama zao, nywele ndefu na ndevu. Badala ya jozi nane katika duara walitumia jozi nne katika mraba, wakarusha miguu juu kwa nguvu ya ujana. Miongoni mwa wachezaji wa mwanzo alikuwa Earl White, kijana mweusi ambaye baadaye alijulikana sana kwa fidla.

Wangeweza kuishia hapo, wapigiwe makofi na kusahaulika. Walichofanya ni kwenda kwa wazee. Katika wilaya ya Watauga, kwenye milima ya North Carolina, walikaa na Willard Watson na Robert Dotson, wachezaji wa mtindo wa zamani wa unyayo bapa, ambao miguu yao ilikuwa karibu na sakafu na haikuwa na haraka. Hatua ya Dotson, inayofanana na mwendo wa mtu anayetembea, imesambaa kwa wachezaji wa nchi nyingi kupitia vijana hao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu ya timu ilihamia Asheville na kuwa ya kulipwa, ikisafiri mwaka mzima. Wengine wakabaki Greenville na kazi zao za kawaida. Timu ya kulipwa ilikuja kuvunjika. Jina la Green Grass lilidumu kwa sababu wanachama wa zamani na wapya waliendelea kucheza.

Mwaka 2005 North Carolina iliitangaza klogi kuwa ngoma rasmi ya asili ya jimbo, na Kentucky nayo ikafanya vivyo hivyo mwaka uliofuata. Vikundi vya mitaani hukutana jioni katika ukumbi wa shule, kanisa au jumba la kijiji. Vingi siku hizi hucheza kwa muziki uliorekodiwa, na hapo mimi nina upande wangu. Muziki uliorekodiwa haukusikilizi. Mpiga fidla aliye hai anaiona miguu yako, anapunguza au kuongeza kasi, nawe unamjibu; mkikosa hilo, hatua zitakuwa sahihi lakini mazungumzo hayapo. Kikundi chenye wapigaji wake, hata wawili tu, wa fidla na banjo, bado kinacheza kile kilichochezwa barazani kabla Asheville haijaweka jukwaa.