Admirali Deinhard na Bagamoyo: kinachosemwa na kilichotokea

Ukipita Mji Mkongwe wa Bagamoyo utasimuliwa kwamba admirali wa Kijerumani, Deinhard, alikuja na manowari, akapiga mizinga, akamnyonga Abushiri, kiongozi wa watu wa pwani waliopigana na Wajerumani mwaka 1888 na 1889. Mawili ya mwanzo ni kweli. La tatu si lake.

Dhana: mizinga ya manowari ilitosha kuuteka mji

Anayesema hivi hajayatazama maji ya Bagamoyo. Ufuo wake ni wa kina kifupi. Maji yakitoka, mchanga huachwa wazi mbali sana. Leipzig, meli aliyopandisha bendera yake Deinhard, ilihitaji kina cha zaidi ya mita 6, hivyo ilitia nanga mbali. Septemba 22, 1888, nyumba ya kampuni ya Kijerumani ilipozingirwa, ilibidi mabaharia wapatao 260 washushwe kwa mashua. Waliwatimua wapiganaji, lakini mabaharia hao ndio wapiga mizinga na wachochea moto wa boila. Ukiwaacha nchi kavu, meli haiendi. Ndiyo maana alisubiriwa Wissmann, kamishna aliyetumwa na serikali ya Ujerumani, na jeshi la kukodi, wengi wao Wasudani.

Dhana: aliifunga bahari yote

Zuio lililoanza Desemba 2, 1888, la Deinhard na Admirali Fremantle wa Uingereza, kwa ridhaa ya Sultani Khalifa wa Zanzibar, lililenga silaha zinazoingia na watumwa wanaotolewa. Kazi yenyewe ilifanywa na vyombo vidogo: kusimamisha jahazi, kukagua hati, kushuka ngamani na kupekua chini ya shehena kama kuna baruti. Na msimu ulikuwa wa kaskazi, upepo uletao majahazi kutoka Arabuni. Nahodha ajuaye mapito ya miamba hasubiri mchana; hupenya usiku.

Dhana: alikuwa mtawala wa pwani

Hakuwa. Alikuwa na cheo cha rea admirali, ngazi ya chini kati ya vyeo vya maadmirali, na amri yake ilikuwa juu ya meli na mabaharia.

Dhana: ndiye aliyemnyonga Abushiri

Mapema mwaka 1889 Deinhard alikuwa amekubaliana na Abushiri kusitisha mapigano. Wissmann alipofika hakuyajali makubaliano hayo. Mei 8 aliivamia boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Mabaharia wa Deinhard walipigana siku hiyo, kwa hiyo tusimtakase. Abushiri alinyongwa Pangani, Desemba 15, 1889, mikononi mwa watu wa Wissmann. Zuio la baharini lilikuwa limeshaondolewa.