Kufundishia kwa TEHAMA maana yake nini?

Shule nyingi kati ya Makambako na Tunduma zikiulizwa kama zinatumia TEHAMA, jibu huanza na hesabu ya vifaa: kompyuta kadhaa za mfadhili, projekta moja, vishikwambi vya walimu. Ukiuliza kipindi cha mwisho kilichofundishwa kwa vifaa hivyo kilihusu mada gani, mazungumzo yanapungua kasi. Kompyuta ziko kwenye chumba chenye kufuli, na ufunguo uko kwa mwalimu ambaye leo ana ruhusa.

Kufundishia kwa TEHAMA, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, ni mwalimu kutumia kompyuta, kishikwambi, simu, projekta au hata redio ili mwanafunzi aelewe somo lenyewe, liwe fizikia, jiografia au Kiswahili. Lengo la kipindi linabaki lile lililoandikwa kwenye andalio la somo. Mwanafunzi akitoka darasani anatakiwa awe amejua jambo la fizikia au la jiografia, na kifaa kiwe kimemsaidia kulifikia.

Somo la kompyuta ni kazi nyingine. Huko mwanafunzi anajifunza mashine yenyewe: kuchapa, kutengeneza jedwali, kuandika programu. Ni maarifa ya lazima kwa kijana wa leo, lakini shule inaweza kuwa na somo hilo na walimu wa masomo mengine wote wasiguse kompyuta mwaka mzima. Kuchapa mitihani na kukokotoa wastani wa matokeo nako ni kazi ya ofisi. Inampunguzia mwalimu mzigo, ila mwanafunzi hajajifunza kitu kwa sababu mtihani wake umechapwa vizuri.

Nchini wazo hili si geni. Tanzania ilipata sera yake ya kwanza ya taifa ya TEHAMA mwaka 2003, na mwaka 2007 wizara ya elimu ikatoa sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi. Baada ya sensa ya mwaka 2022 vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vikagawiwa walimu. Kwa hiyo katika shule nyingi kifaa kipo, walau kimoja. Kinachokosekana ni picha kamili ya kipindi chenyewe, na hapo ndipo nataka nikae kidogo.

Chukua mada ya umeme, darasa la kidato cha pili. Wanafunzi wengi huingia wakiamini kwamba balbu inakula mkondo: umeme unatoka kwenye betri ukiwa mwingi, unapita balbu ya kwanza, unapungua, unafika balbu ya pili ukiwa kidogo. Ni imani yenye mantiki, maana nyumbani wanaona uniti za Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, zinavyopungua taa zikiwaka. Mwalimu akiandika ubaoni kwamba katika sakiti ya mfululizo, yaani balbu zikifuatana kwenye njia moja ya umeme, mkondo ni sawa kila mahali, watanakili, watakariri, na pengine watapata alama. Imani ya Luku itabaki palepale.

Kuna programu za uigaji, yaani maabara iliyo ndani ya kompyuta. Zinazojulikana sana ni za mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Ni za bure, unaweza kuzipakua ukazitumia bila intaneti, na baadhi zina tafsiri ya Kiswahili. Ile ya sakiti inakupa betri, nyaya, balbu, swichi na ameta, yaani kipimo cha mkondo. Unaburuta, unaunganisha, na ukifunga swichi vidoti vinavyowakilisha elektroni, chembe zinazobeba umeme, vinaanza kutembea ndani ya waya.

Mwalimu akiifungua na kuwaonyesha tu, wanafunzi watafurahi kama wanaotazama video na watabaki na imani yao. Kipindi kinatengenezwa na maswali. Unganisha betri na balbu mbili kwa mfululizo, acha swichi wazi. Weka ameta tatu: moja kabla ya balbu ya kwanza, moja katikati, moja baada ya balbu ya pili. Kabla hujafunga swichi, kila mwanafunzi aandike kwenye daftari ameta ipi itasoma zaidi, na kwa nini. Wape dakika mbili wabishane na wa pembeni yao. Mwanafunzi ambaye hajawahi kunyoosha mkono atasikika hapo, kwa sababu sasa ana msimamo wa kutetea. Wabishane kwa Kiswahili hata kama kitabu ni cha Kiingereza; lugha ya mtihani itafuata wakishaelewa.

Ndipo ufunge swichi. Ameta zote tatu zinasoma namba moja.

Usikimbilie kueleza. Subiri swali litoke kwao, nalo litatoka: kama mkondo haupungui njiani, mbona balbu zimefifia kuliko ilipokuwa moja? Sasa wana kiu ya jibu. Balbu ya pili imeongeza ukinzani wa sakiti nzima, yaani ugumu wa mkondo kupita, kwa hiyo mkondo umepungua kila mahali kwa pamoja, tangu kwenye betri. Na Luku je? Luku inahesabu nishati. Mkondo unaoingia kwenye taa ndio unaotoka; kilichobaki kwenye taa ni nishati iliyogeuka kuwa mwanga na joto. Mwanafunzi aliyefika hapa ameelewa kitu ambacho watu wazima wengi hawajakielewa.

Waambie pia wazi kwamba vidoti vile ni mchoro wa kusaidia kufikiri. Elektroni hazionekani hivyo. Kisha, siku hiyohiyo ikiwezekana, washike nyaya za kweli na balbu za tochi. Katika sakiti ya kweli waya hulegea, betri huchoka, na ameta hutofautiana kidogo. Mwanafunzi anapaswa kuyaona hayo kwa mikono yake, na mtihani wa vitendo hautafanywa kwa kipanya. Shule inayosema haihitaji maabara kwa sababu ina kompyuta inawanyima watoto haki yao.

Sasa angalia mwalimu wa kipindi hicho alihitaji kujua nini. Alijua fizikia. Alijua watoto hukwama wapi katika mada hiyo na swali gani litawafungua. Alijua programu inaweza kufanya nini. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani Lee Shulman alionyesha kwamba mwalimu mzuri ana maarifa ya aina yake: haitoshi kujua somo na kujua mbinu za kufundisha kila kimoja peke yake, lazima ajue namna ya kufundisha mada hii kwa watoto hawa. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan wakaongeza teknolojia kwenye mzani huo, na mfumo wao ukajulikana kwa kifupi cha TPACK, yaani maarifa ya teknolojia, ya ufundishaji na ya somo. Kiini chake ni pale maarifa hayo matatu yanapokutana. Ndiyo maana semina inayoishia kwenye kuwasha mashine na kupamba slaidi haibadilishi kitu darasani: imegusa moja na kuacha mawili. Kama uko chuoni Mkwawa au Kleruu unajiandaa kuwa mwalimu, anza na mada moja unayoijua vizuri, tafuta mahali watoto wanapokwama, halafu uliza kama kuna kifaa kitakachosaidia pale tu.

Mara nyingine jibu ni hapana. Mistari ya kontua kwenye ramani, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, huwasumbua wanafunzi sana, na walimu wengine hutafuta video. Kwa mtoto wa Mbeya kiazi mviringo cha Umalila kinatosha. Kikate katikati, laza upande bapa mezani, kate vipande vya unene sawa kuanzia juu hadi chini, kisha chora mzingo wa kila kipande kwenye karatasi moja, vikipangwa kama vilivyokuwa. Upande wa kiazi wenye mteremko mkali, mistari inabanana. Upande uliolala, inaachana. Halafu watoe nje wautazame Mlima Loleza. Hakuna skrini itakayoshinda hilo.

Lakini ukitaka waone kwamba Mlima Rungwe umekaa pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, moja likielekea Ziwa Rukwa na jingine Ziwa Nyasa, hakuna kilima cha kupanda kitakachowaonyesha yote kwa pamoja. Hapo picha ya setilaiti inafanya kazi yake. Mahali ulipo nako kunabadilisha uamuzi. Mwalimu wa historia Iringa mjini anaweza kuwapeleka wanafunzi Isimila wakaona zana za mawe palepale. Mwenzake wa Kyela anahitaji picha. Huyu wa Iringa akipiga picha nzuri kwa simu yake na kumtumia wa Kyela, wamefundishia kwa TEHAMA kuliko shule yenye kompyuta arobaini zilizofunikwa vitambaa.

Mazingira yetu yana masharti yake. Rungwe mvua ikishika, bati linavuma na sauti ya video haisikiki hata kwa dawati la mbele. Chagua picha na uigaji usiotegemea sauti. Darasa lisilo na pazia linaua mwanga wa projekta asubuhi, kwa hiyo geuza ukuta unaotumia. Umeme hukatika, basi andalio liwe na njia ya pili ya chaki. Intaneti usiitegemee ndani ya kipindi: pakua kila kitu mapema, au kama shule ina uwezo, weka kompyuta moja iwe maktaba ya ndani kwa programu kama Kolibri, iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na mtandao. Na simu za wanafunzi usizihesabu, maana shule nyingi za sekondari haziziruhusu.

Kubwa linaloulizwa ni hili: kishikwambi kimoja, wanafunzi sabini, nifanyeje? Usikizungushe darasani kila mtu achungulie. Gawa makundi. Kundi moja likae na kishikwambi kwa dakika kumi likiwa na swali lililoandikwa, jingine liunganishe sakiti ya kweli, mengine yafanye maswali kwenye daftari au yachore walichotabiri, kisha wabadilishane. Kipindi kimoja hakitatosha makundi yote, kwa hiyo tumia vipindi viwili vilivyofuatana. Mtoto mmoja kwa kila kundi apewe kazi ya kuandika, na asiyegusa kifaa leo aanze kesho. Usipopanga hivyo, wavulana wawili wa mbele ndio watakaoshika mashine mpaka mwisho wa muhula, na wasichana watajifunza kutazama mabega yao.

Kipindi kinachofuata, acha kishikwambi ofisini. Wape kila mmoja nusu karatasi, chora ubaoni sakiti ya balbu tatu yenye ameta nne, waandike kila ameta itasoma nini ikilinganishwa na nyingine na waeleze sababu. Soma zile sababu kwanza, kabla ya kuhesabu waliopata.