Je, wajua? Kwa nini risasi huachwa mwilini

Kwa miaka mingi niliamini kwamba aliyepigwa risasi haponi mpaka itolewe. Filamu ndizo zilizonifundisha: koleo, jasho, kisha kitu kinaanguka kwenye bakuli, kling!, na majeruhi anashusha pumzi. Kumbe balaa la risasi liko njiani inakopita. Inachana mishipa, inavunja mfupa, inaburuta vipande vya nguo mpaka ndani ya jeraha. Ikishatulia, kuifuata kwa kisu mara nyingi ni kuchimba njia ya pili katika nyama. Niliamini pia kwamba moto wa bunduki huua vijidudu vyake. Wapi! Huingia navyo. Ndiyo maana daktari huzuia damu, husafisha jeraha, na mara nyingi risasi huiacha ilipo.

Mwili nao huifanyaje? Tazama mwembe uliopigiliwa msumari wa kamba ya nguo. Baada ya miaka, gome limeumeza. Mti haujauyeyusha wala kuutema, umeujengea ukuta. Mwilini, chembe nyeupe za damu huja kuila risasi kama zinavyokula vijidudu. Zinashindwa. Kadhaa huungana kuwa chembe moja kubwa, nayo inashindwa. Hapo huja mafundi wengine na nyuzi zile zile za kovu, wakaisokotea mfuko mgumu. Ni kovu, ila limejikunja kwa ndani.

Kwenye maungio mambo ni tofauti. Ute unaolainisha goti huiyeyusha risasi kidogo kidogo, na kila hatua huisaga. Kiswahili kilishatuonya, maana risasi ya bunduki na madini ya risasi ni neno moja, na madini hayo yakiingia damuni ni sumu. Iliyokaa kwenye kiungo hutolewa.

Andrew Jackson, jenerali wa Marekani aliyekuja kuwa rais, alishinda mapigano ya New Orleans Januari 1815 akiwa na risasi mbili mwilini, na hakuna hata moja aliyoipata vitani. Ya kwanza ilikuwa ya 1806, yeye na Charles Dickinson walipoelekezeana bastola kwa makubaliano. Ikakaa karibu na moyo. Ya pili aliipata 1813 kwenye ugomvi hotelini huko Nashville, ikaingia bega la kushoto. Ya bega ilitolewa 1832, kabla ya enzi ya nusukaputi. Ya kifuani hakuna aliyethubutu kuigusa, akaenda nayo kaburini 1845, miaka 39 baadaye. Si kwamba ilimwacha salama: mara kwa mara alikohoa damu, kwa hiyo ule mfuko si dhamana.

Nywele zake zilizohifadhiwa zilipopimwa, matokeo yaliyochapishwa 1999 yalionyesha madini ya risasi kwa wingi, ingawa watafiti hawakuona kwamba ndiyo yaliyomuua. Wala hatuwezi kuzitwika risasi zile mbili lawama yote. Mzee mwenyewe alikuwa akijitibu kwa sukari ya risasi, dawa iliyotengenezwa kwa madini hayo hayo.